Nauli ya Kutoka Chikongola

Kutoka Chikongola hadi ile hoteli ya Shangani
bajaji ni elfu mbili, ukibembeleza elfu na mia tano.
Wenye bima walinipa bahasha ya hamsini,
juu yake wameandika kwa kalamu: Nauli.
Nikasaini. Sikuuliza nauli ya kwenda wapi.

Tulikuwa madalali kumi na wanne,
wa viwanja vya Mangamba, wa vyumba vya Magomeni,
na Chitanda, aliyewahi kuuza shamba moja la Msijute mara mbili,
siku hiyo kanyoosha shati hadi mfuko.
Walitufundisha. Sisemi hawakutufundisha.
Niliandika daftarini, kwa mkono wangu huu:
mafuriko si mvua. Mvua hutoka juu.
Kisha harufu ya kamba ikapita mlangoni
na mwandiko wangu ukaishia hapo.

Kamba, wali wa nazi, soda yenye jasho,
fulana, begi, mwavuli wa njano,
na kijana mwenye tai akiniinamia sikioni:
"Mama Nangumbi, kila utakayemleta, tutakukumbuka."

Mkono mtupu haulambwi, mama alipenda kusema
akibangua korosho, vidole vimebabuka.
Hakuniambia habari ya mkono wenye mafuta ya ganda,
kwamba huo nao una kitu,
na ulimi ukiugusa unachunika.

Bi Somoe Nachinuku, nesi wa Ligula,
alinunua nyumba Kiyangu kwa kiinua mgongo chake.
Mimi ndiye niliyemfungulia kufuli.
Aliponiuliza bima ipi, nilijibu kabla hajamaliza:
ile ya njano, nyingine zote maneno.
Hizo nyingine sikuwa nimezisoma.
Nilikuwa sijui hata ofisi zao ziko mtaa gani.

Aprili maji yakatoka mtaroni, si juu.
Yakaingia kwa mlango wa nyuma,
yakainua godoro, yakaliweka sebuleni kama mgeni.
Kampuni ikajibu kwa aya mbili.
Bi Somoe hakupiga kelele.
Aliuliza tu: "Na wewe, walikulipa?"
"Nauli tu," nikasema.

Mwezi wa saba akaja afisa na waraka,
ukumbi wa kata, feni moja haizunguki.
Kufundisha, ruhusa. Kalenda, ruhusa. Kalamu, ruhusa.
Chakula, endapo somo ni refu kuliko mlo.
Bahasha, hapana, hata ukiiita nauli.
Zawadi kwa kichwa cha mteja, hapana,
hiyo ni hongo iliyovaa fulana.
Na mnunuzi aambiwe, kabla ya kusaini,
nani alimlisha dalali wake.

Chitanda akanyoosha mkono: "Na soda?"
Watu wakacheka. Afisa akavua miwani,
akaufuata waraka kwa kidole hadi chini.
"Soda," akasema, "haikutajwa."
Nilimpenda kwa kutojua kwake.

Mimi nimekamua nazi miaka arobaini.
Chujio hata liwe jipya,
machicha membamba hupita pamoja na tui.
Lakini sijawahi kumwona mtu mwenye akili
akalitupa chujio kwa sababu hiyo.

Siku hizi mteja akiuliza, namtajia kampuni tatu,
namwachia karatasi, naenda kukaa barazani asome.
Nikirudi namwambia: hawa wa njano
walinilisha kamba sita na kunipa hamsini.
Wengine hucheka. Mmoja aliondoka, hakurudi.

Hamsini zenyewe zilikwisha zamani, kwenye unga na ada.
Lakini daftari lilikuwepo, chini ya mwavuli.
Nikalipeleka Kiyangu, Jumamosi, jua la saa nne.
Bi Somoe akasoma mstari wangu mmoja,
akaurudia, midomo ikicheza bila sauti.
Kisha akanipa ufagio.
Tope lilikuwa limekauka ukutani hadi kiunoni mwangu.

Nilikuwa nimekwenda kwa miguu.